Mafua Yanaua, Tatizo Hayatangazwi

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua nitoe dukuduku langu maana nimelikalia muda sasa. Mi nauza dawa kwenye duka la dawa muhimu huku Temeke, na sisi watu wa dukani ugonjwa ukiingia mjini tunaujua kwa kile watu wanachokuja kununua, sio mpaka redio iseme. Januari 2025 Rais Samia aliposimama pale Dodoma, Dkt. Tedros wa Shirika la Afya Duniani akiwa pembeni yake, akasema Marburg, ule ugonjwa wa kirusi wa jamii moja na Ebola, imethibitika Biharamulo kule Kagera, jamani watu walivyoanza kuulizia sanitaiza na barakoa ungesema imeshavuka daraja la Kigamboni. Biharamulo mpaka hapa kwa basi ni zaidi ya kilometa elfu moja. Sisemi walikosea kuogopa, hapana, Marburg sio ya kuchekea, waliohesabiwa kuumwa safari ile walikuwa 10, wawili walithibitishwa maabara na nane walidhaniwa, na wote 10 walikufa. Ila ilipofika tarehe 13 Machi ikatangazwa imeisha, basi na ndoo za kunawia milangoni nazo zikaisha hivo hivo.

Sasa siku zile zile za Marburg, mteja anakuja dukani anauliza barakoa huku kamasi zinamtoka, anapiga chafya kwenye kiganja, halafu kiganja hicho hicho ndo kinanipa noti ya elfu tano. Ukimwambia shangazi na hayo mafua je, anakushangaa, "haya ni mafua tu".

Hayo mafua tu ndo yanayonifanya niandike. Shirika la Afya Duniani linakadiria homa ya mafua ya msimu, ile flu yenyewe, inaua kati ya watu 290,000 na 650,000 kila mwaka kwa matatizo ya upumuaji peke yake. Kila mwaka mhariri. Ebola ya Afrika Magharibi ya 2014 mpaka 2016, ile iliyofanya tukaogopa hadi kupeana mikono na mgeni, iliua watu zaidi ya 11,000 kwa kipindi chote. Najua kuna atakayesema nachanganya mambo, na ana hoja, kwa sababu ukipata Marburg au Ebola uwezekano wa kufa ni mkubwa sana na ukipata flu wengi tunapona ndani ya wiki. Ni kweli. Ila hapo ndo inapotupata, yani kila mmoja wetu ameshaumwa mafua mara ishirini na yupo, kwa hiyo anaona hayaui, kumbe yanapita kwa watu wengi mno mpaka hao wachache wanaokufa wanakuwa malaki.

Na wanaokufa hatuwaoni kwa sababu hakuna anayeambiwa ndugu yako kafa na mafua. Utasikia msibani bibi alikuwa na sukari, kifua kikambana, nimonia, akaenda. Au mzee alikuwa na presha, moyo umesimama. Lakini hakuna anayeuliza wiki ile nyumbani nani alikuwa anapiga chafya. Mjamzito, mtoto chini ya miaka mitano, mzee, mtu wa pumu, wa moyo, wa kisukari, anayeishi na VVU, hawa flu ikiwapata haichezi nao. Na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, ambayo nchi yetu ni moja ya zile zenye watoto wengi sana wanaozaliwa nayo, mtoto wa selimundu kupata flu ni habari nyingine kabisa. Kwa watoto chini ya miaka mitano, Shirika hilo hilo linasema vifo vinavyotokana na flu kushambulia mapafu asilimia 99 viko nchi kama zetu. Sio Ulaya kwenye baridi.

Maana Dar sisi tuna maelezo yetu, ooh ni vumbi, ooh ni kipupwe, ooh nimelala na feni. Feni haina kirusi. Kirusi kakuletea jirani wa siti, na ubaya wake mtu anaanza kuambukiza hata siku moja kabla hajajisikia vibaya. Daladala ya Mbagala mvua ikinyesha madirisha yote yanafungwa, watu tumesimama mdomo kwa kisogo, mmoja anakohoa kuanzia Rangi Tatu mpaka Kariakoo na hakuna hata anayegeuka. Mwaka 2020 kwenye corona tuliambiwa leveli siti na ikawezekana kwa muda, konda anakumiminia sanitaiza mlangoni, leo ukiziba mdomo kwa kiwiko unaonekana unajisikia. Nyungu sina ugomvi nayo, inazibua pua, ila mtu anatoka kwenye nyungu anaenda moja kwa moja kwenye kikoba kukaa na wenzake chumba kimoja.

Halafu antibayotiki. "Nipe amoksilini za buku." Za buku! Flu ni kirusi, amoksilini inapigana na bakteria, ni mambo mawili tofauti, na wewe umenunua vidonge visivyofika hata nusu dozi, unachofanya ni kuwafundisha bakteria wa mwilini mwako kuizoea dawa ili siku ukiipata nimonia ya kweli isikusaidie. Nikikataa kuuza anavuka barabara duka la pili anapewa.

Lakini mi siwezi kulaumu watu tu. Hili la kazini ndo linaniuma zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa siku 126 kwenye mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza mshahara kamili na 63 zinazofuata nusu mshahara, ila upeleke cheti cha daktari. Sawa. Sasa nani anaenda kukaa foleni hospitali asubuhi nzima kutafuta cheti cha mafua? Na akikipeleka bosi anamwangalia kama kaleta cheti cha uvivu. Hao ni wenye ajira. Mama ntilie akilala siku mbili mtaji umeliwa, kibarua wa saiti asipoenda nafasi yake inachukuliwa, bodaboda ana hesabu ya mwenye pikipiki jioni. Ukimwambia huyu apumzike nyumbani asiambukize wenzake atakucheka na atakuwa sahihi. Marburg ikiingia serikali inakutenga na inakulisha, mafua unajitenga na njaa yako.

Na chanjo ipo, wengi hawajui kabisa. Inabadilishwa kila mwaka kwa sababu kirusi nacho kinajibadilisha, wataalamu wanakaa Februari kuchagua ya kaskazini mwa dunia na Septemba ya kusini. Wanaoenda Hija wanaijua kwa sababu wanahimizwa kuchoma. Huyu bibi yetu wa sukari wa Tandika hajawahi kuisikia, haimo kwenye zile chanjo watoto wanapewa bure kliniki, na mtu kama mimi ninayeuza dawa kila siku wateja wangu wa kuniulizia ni kama hawapo. Wakati homa hii hii, ilipokuja na kirusi kipya mwaka 1918 vita kuu ikiisha, iliua watu wanaokadiriwa milioni 50 duniani na Afrika Mashariki haikupona, ilishuka na meli bandarini ikapanda na reli na wapagazi mpaka vijijini.

Kwa hiyo mhariri ombi langu ni dogo. Marburg mliipa ukurasa wa kwanza siku mfululizo, mlifanya vizuri. Mafua yapeni hata ukurasa wa tano, mwandishi wenu apite hospitali za hapa mjini aulize chanjo ya flu inapatikana wapi na ni shilingi ngapi, kisha apite stendi za mwendokasi aulize zile ndoo za maji ziliwekwa stoo gani.

Muuza dawa,
Temeke, Dar es Salaam