Risala ya Wauza Chakula wa Kongowea kwa Mgeni wa Heshima

Mgeni wetu wa heshima kutoka Idara ya Afya ya Kaunti, mwenyekiti, wazee wa soko, mama karanga, wauza mbaazi na mahamri, ndugu zetu nyote, asalamu alaykum na hamjambo.

Ahsante kwa kuitika mwito. Wengi wetu humwona bwana afya akiwa amesimama. Leo ameketi, amekula viazi karai vyetu, tena ameongeza.

Mgeni wa heshima, hatukukuita utulegezee kamba. Ukaguzi twautaka. Katiba ya 2010 imezipa kaunti kazi ya kutoa leseni na kusimamia wanaouzia umma chakula, kwa hivyo la kwetu laweza kutengenezwa papa hapa. Ombi letu ni kwamba ukaguzi utazame kile kinachougulisha watu. Vyeti vya afya twavipimia kila miezi 6, na ni sawa, lakini cheti hupima mpishi; sufuria hakiijui.

Chukua mbaazi za nazi. Zimepikwa alfajiri, kufika saa tatu mahamri yamekwisha, mbaazi zimebaki. Makaa yamekuwa jivu, sufuria ni vuguvugu, na joto la Mombasa mwalijua. Shirika la Afya Duniani lashauri chakula cha moto kikae juu ya nyuzi 60 na cha baridi chini ya 5, na kilichopikwa kisiachwe nje zaidi ya saa 2. Muuzaji aonja, tui halijachacha, auza. Kumbe vijidudu havingoji uchachu, na vingine huacha sumu ambayo hata ukichemsha tena haitoki. Hapo twamhitaji afisa mwenye kipimajoto, akitumbukize mbele yetu, aseme: hii koleza moto, ile mwaga. Somo la namna hiyo halisahauliki.

Huko Marekani, FDA, shirika la serikali linalosimamia chakula na dawa, lina viwango 9 vinavyohusu idara za afya zinazosimamia mikahawa na maduka ya chakula. Si vya muuzaji, ni vya idara yenyewe: mafunzo ya wakaguzi, ukaguzi usiobadilika kwa kila mtu, uchunguzi watu wanapougua. Idara hujiunga kwa hiari na huanza kwa kujipima. Zilizotangulia huzishika mkono zilizo nyuma. Hilo la mkaguzi kujikagua, tusifiche, lilitufurahisha.

Nasi tuna kaunti ndogo 6. Afisa wa Likoni na wa Nyali waulize maswali yale yale, kwa karatasi moja ambayo muuzaji naye anayo, ili mwenzetu akivuka feri na meza yake asianze kujifunza upya.

Maji ndiyo shida kubwa. Mtungi wa mkokoteni huuzwa kwa pesa, basi beseni moja huosha sahani tangu asubuhi. Twaomba bomba karibu na safu ya wapishi. Mikono huoshwa kwa maji yanayotiririka. Na mafunzo yafanywe Shaabani, kabla meza za futari hazijajaa barabarani, kwani wengi wanaouza Ramadhani hawauzi mwezi mwingine.

Mkitafuta mahali pa kujaribia karatasi hiyo, anzieni kwetu. Meza zetu ziko wazi, hata siku msiyotuarifu.

Wasalaam,
Ni sisi wanakikundi, wauza chakula wa Kongowea.