Shemeji, ifungue ile chupa

Shemeji,

Dada kanitumia picha za sikukuu. Watoto wamekua, kochi jipya nimeliona, na nimeiona pia ile chupa ya mvinyo niliyowaletea kutoka Hispania. Bado imesimama juu ya kabati la vyombo, kando ya televisheni, jua la saa kumi linaipiga ubavuni. Mwaka wa tatu huu! Mimi nilidhani mlishainywa.

Najua utakachosema: mvinyo unavyozidi kukaa ndivyo unavyonoga. Lakini huo umeshakaa, shemeji. Igeuze uone kibandiko cha bluu kilichoandikwa Gran Reserva. Kwa kanuni za Rioja, eneo la Hispania ulikotoka, mvinyo mwekundu wa daraja hilo hautoki ghalani kabla ya miaka mitano, na angalau miwili kati ya hiyo unalala kwenye mapipa ya mwaloni ya lita 225. Wako ni wa mavuno ya 2010, mwaka ambao wenyewe waliupa alama ya juu kabisa. Kazi ya kusubiri waliifanya wao, gizani na kwenye ubaridi. Hapo Dar unauchemsha tu, na kizibo kinakauka kwa sababu chupa imesimama wima.

Basi Jumamosi iteremshe. Iweke kwenye friji kama nusu saa, maana nyuzi 17 hivi ndizo zinazoufaa. Kizibo kivute polepole, cha zamani hukatika. Ukimimina, mulika shingo ya chupa kwa tochi ya simu; yakianza kuja mashapo meusi, acha hapo hapo. Ni mabaki yake wenyewe, si uchafu.

Rangi isikutishe. Ukiinamisha glasi utaona ukingoni umeelekea rangi ya tofali. Ndivyo unavyozeeka.

Sasa kuonja. Wewe nakujua, umezoea ule mtamu wa Dodoma tena kwa barafu, kwa hiyo funda la kwanza utakunja uso. Sukari hamna. Kuna uchachu, na ukakasi kidogo kwenye ufizi, kama wa bibo lakini uliolainishwa na miaka. Usiseme neno. Iache glasi dakika ishirini, kisha nusa tena. Mimi hukuta tini kavu, tumbaku, ngozi ya mkoba wa zamani, halafu vanila na kitu kama nazi. Hiyo nazi inatoka kwenye pipa: watu wa Rioja wameupenda mwaloni wa Marekani tangu zamani, nao ndio wenye harufu hiyo. Zabibu yenyewe, Tempranillo, haina makelele, ndiyo maana pipa linasikika.

Kule huunywa na mbavu za mwanakondoo zilizochomwa kwa vijiti vya mizabibu. Mbuzi choma wa dada atafaa kabisa, ila pilipili aipunguze. Na mdogo wako akitaka kuchanganya na kola, mwambie hata Wabaski, watu wa kaskazini mwa Hispania, hufanya hivyo na kuna jina lake, kalimotxo, lakini hutumia mvinyo wa bei ya chini.

Ukikuta unanuka siki, basi jua limetuwahi. Nipigie hata hivyo, nicheke na wewe.

Chupa tupu irudishe kabatini ukipenda. Wageni hawatajua.

Shemeji yako