Mama, huyo paka wa Zuhura asitiwe gunia

Sheffield, Uingereza
Novemba 2025

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wote hapo Magomeni. Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Kazi ipo, baridi imeshaingia, tuyaache hayo. Zuhura, ukimsomea bibi soma taratibu, na usiruke mahali hata pale nitakapomtaja mjomba wako.

Kwanza la bati za chumba chako kinachovuja. Hela nimetuma kwenye simu ya Mwanaidi na ameniambia zimefika. Zinatosha bati, papi, kofia na ufundi. Bati ziwe za geji 28, si 30. Fundi akikuambia zote ni zilezile, mkatalie, geji 30 ni nyembamba na hiyo ndiyo iliyotufikisha hapa. Kenchi alizoweka marehemu baba zisiguswe, isipokuwa ile ya upande wa jikoni iliyoliwa na mchwa. Mwanaidi asimamie mwenyewe, na risiti zikae kwake.

La pili ndilo lililonifanya niandike badala ya kupiga simu, maana kwenye simu ningelia na nisingemaliza.

Nimesikia yaliyosemwa kwenye kikao cha ukoo. Kaka Hamisi ni mkubwa wangu na sijawahi kumjibu mbele za watu. Lakini kusimama mbele ya ba'mdogo Salumu, mbele ya wakwe wa Mwanaidi, akasema Rukia anatembeza paka kwa kamba huko Ulaya wakati chumba cha mama kinavuja, hilo limenichoma. Bati za mara ya kwanza alituma nani? Ada ya Zuhura ya sekondari? Macho yako yalipofanyiwa upasuaji, nani alilala na simu mkononi akisubiri habari? Sitaki tuhesabiane, mama, ila nataka hili lisemwe kwa sauti ileile iliyosema lile la kwanza: paka hakula bati lako. Chakula chake cha mwezi mzima hakifiki nauli yangu ya basi ya kwenda kazini.

Na kwa kuwa wote mmeiona picha yangu na paka na hakuna aliyeniuliza, nitawaeleza huyo paka wangu, Kanga, ni nani.

Aliokotwa kwenye ghala bovu la matairi, mdogo, ubavu umechubuka, akapelekwa kwenye nyumba ya kuokolea wanyama. Huku jambo hilo lina mizizi. Chama cha kutetea wanyama kinachoitwa RSPCA kilianzishwa London mwaka 1824, kabla Sultani Majid hajaanza kujenga hapo Dar. Kipo kingine, Cats Protection, kinachoshughulikia paka watupu tangu 1927. Hawakupi paka hivihivi. Wanakuuliza unaishi wapi, unatoka saa ngapi, unarudi saa ngapi. Kanga alikuwa amekaa pale muda mrefu kwa sababu hatulii. Wenzake wanene wamejikunja, wageni wanawachukua, yeye anapanda wavu wa kizimba mpaka juu na kulia. Nilipofika alinitazama kutoka huko juu, akashuka, akapitisha mkono kwenye wavu akanishika kidole. Nikasema huyu ni wangu.

Nilikabidhiwa ameshafungwa kizazi, amechanjwa, na chini ya ngozi ya shingo ana chipu yenye ukubwa wa punje ya mchele, ndani yake namba 15 zinazoonyesha mwenyewe ni nani. Ni sheria, mama. Tangu tarehe 10 Juni 2024 kila paka wa kufugwa hapa England lazima awe nayo kabla hajatimiza wiki 20, na ukionywa ukapuuza unaweza kutozwa hadi pauni 500. Jina nimempa mwenyewe. Ana nyeusi, chungwa na nyeupe mgongoni, na ukimwona utakubali kwamba hakuna jingine linalomfaa.

Ninakoishi barabara iko mlangoni na magari hayana huruma. Nilimfungia ndani mwanzoni, akawa anakaa dirishani kutwa na kulia. Ndipo nikamnunulia mkanda wa kifuani na kamba. Ba'mdogo Salumu, kwa heshima zote, nimeambiwa ulitaja hadithi ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Naijua, ulinifundisha wewe mwenyewe pale barazani. Yule mwanamke alimfunga paka mpaka akafa, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Kosa lake lilikuwa njaa na kifungo. Mimi kwa kamba hii namtoa kifungoni. Bila kamba, Kanga angeiona dunia kupitia kioo mpaka afe. Na wewe huyohuyo ndiye uliyetusimulia jinsi sahaba Abu Qatada alivyoinamisha chombo cha maji ya udhu ili paka anywe, kwa kuwa Mtume amesema paka si najisi, ni katika wale wanaotuzunguka majumbani mwetu. Naomba na hiyo uisome kwenye kikao kijacho.

Sasa niwaambieni alichofanya Kanga mwezi wa saba, maana hili hamkulisikia.

Magharibi ya mji huu kuna milima na mabonde, Hifadhi ya Peak District, ya kwanza kutangazwa hifadhi ya taifa hapa Uingereza, mwaka 1951. Unapanda treni Sheffield, unashuka kijiji cha Edale, unaanza kupanda kwa miguu mpaka mgongo wa mlima unaoitwa Hollins Cross, halafu unafuata ukingo hadi kilele cha Mam Tor. Ni mita 517. Najua sisi tuna Kilimanjaro ya 5,895, lakini hebu fikirini mnyama mwenye kimo cha kuishia chini ya goti langu. Ndani ya treni alikaa kwenye begi la mgongoni lenye dirisha la wavu. Tulipopita malango ya kondoo nikamshusha.

Paka hatembezwi kama mbwa anavyotembezwa. Yeye ndiye anayeongoza. Anasimama ananusa jani, anasikiliza, anabadili mawazo, anakimbia hatua kumi, anakaa. Ukimvuta umemharibia siku. Ukimwacha aamue, anakuonyesha vitu ambavyo miguu yako peke yake ingevipita: tundu la sungura, manyoya ya kondoo kwenye waya, ndege mdogo chini ya majani. Kwenye ukingo upepo ulikuwa mkali akaomba begi. Anaomba kweli, anasimama kwenye kisigino changu na kunigusa. Karibu na kilele akataka kushuka tena, akapanda mwenyewe zile ngazi za mawe, na juu kabisa, penye nguzo ya wapima ramani, akaruka akakaa juu yake akiitazama Edale yote chini. Watu walisimama kupiga picha. Mzee mmoja akaniambia amepanda mlima ule tangu utotoni na hajawahi kuona paka pale. Nilimwambia asili ya paka wote wa kufugwa duniani ni paka pori wa Afrika na Mashariki ya Kati, na huyo paka pori mpaka leo anaishi Serengeti, kwetu. Nilijisikia fahari, mama. Picha ile sasa imetundikwa ukutani kwa daktari wake wa mifugo, na chini yake wameandika jina la Kanga na langu, Rukia wa Dar es Salaam.

Nafika penye neno lenyewe.

Zuhura amenitumia sauti usiku akilia. Amesema kale kapaka alikokaokota kwenye mtaro wa Mapipa, mjomba amesema kakifika Ijumaa kanatiwa gunia. Mama, mimi gunia hilo nalijua. Mnamkumbuka Kijivu? Aliyekuwa akilala kwenye mfuko wa mchele stoo na panya hatukuwaona mwaka mzima? Nilikuwa na umri wa Zuhura, au mdogo zaidi. Kaka Hamisi alimtia gunia akaenda kumtupa Jangwani kwa sababu ya kipande cha samaki. Kijivu akarudi. Alirudi amekonda, sikio limechanika, akaingia kwa mlango wa uani na kuja kulala miguuni pangu. Mara ya pili wakavuka naye pantoni mpaka Kigamboni, wakasema paka hawezi kuvuka maji. Mimi nilikaa pale mlangoni siku nyingi sana. Nyote mliniambia ni paka tu, nitasahau. Nimekuwa mtu mzima, nimevuka bahari, na sijasahau. Na nikimfikiria Kijivu ninachokiona ni ule mlango wa uani na mimi nimekaa.

Kwa hiyo nasema kwa adabu, lakini nasema: huyo paka wa Zuhura asitiwe gunia. Hela za bati nimetuma bila sharti na nitaendelea kutuma. Hili ni ombi la mwanao. Nyumba ni yako, mama, si ya kaka Hamisi. Ukisema anakaa, anakaa.

Zuhura, sasa sikiliza wewe. Akifikisha miezi mitatu mpeleke ofisi ya mifugo ya Manispaa ya Kinondoni mkaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Paka naye huugua kichaa, na mtu akishaanza kuonyesha dalili zake ni nadra mno kupona, kwa hiyo usiahirishe. Mwanaidi atakupa nauli, nimemwambia. Usimpe maziwa ya ng'ombe, paka wengi wakikua yanawaharisha. Mpe dagaa wa kuchemsha wasio na chumvi na maji safi. Akiugua usimpe dawa za watu. Paracetamol, hata kipande cha kidonge, inaua paka. Na dawa ya kupe ya mbwa usimpake kamwe, nyingine zina kitu kiitwacho permethrin ambacho kwake ni sumu.

Kuhusu kamba, najua umeshajaribu kumfunga katani shingoni. Ifungue leo. Paka akishtuka hurudi kinyumenyume kwa nguvu zote, atajinyonga au atachomoka akimbilie barabarani. Nenda kwa mama Asha wa cherehani, mwambie akate mkanda wa begi kuukuu atengeneze duara mbili, moja ya shingo, nyingine ya kupita nyuma ya mikono ya mbele, ziunganishwe mgongoni na kifuani, na kamba ishikizwe mgongoni. Kidole kiweze kupita kati ya mkanda na manyoya, mkono usipite. Kisha usiwe na haraka. Siku za kwanza uweke tu karibu na sahani yake aunuse. Halafu mvalishe kidogo ndani ya nyumba huku anakula, umvue kabla hajachukia. Ataanguka ubavu kana kwamba miguu imekufa. Kanga alifanya hivyohivyo, mwache, atainuka. Akizoea, mfunge kamba aiburute mwenyewe chumbani. Uani baadaye, alfajiri au baada ya alasiri, mchana mchanga wa hapo unaunguza nyayo. Nje ya geti usiende naye mpaka akubali kurudi kwenye kikapu akiogopa, na ukiona mbwa, mnyanyue ukiwa na taulo maana atakuparura. Asipotaka kwenda, hamuendi.

Mama, hapa saa kumi na nusu jioni giza limeshaingia. Nikitoka kazini nawasha taa, Kanga anakuja mlangoni na mkanda wake mdomoni, ananizungukazunguka. Tunatoka kidogo, tunazunguka mtaa, tunarudi. Kuna jioni natamani nisikie konda akiita Mapipa, Mikumi, Kagera, nisikie harufu ya changu anayekaangwa kwa jirani, adhana ya magharibi ianze msikiti mmoja na kudakwa na mwingine. Samaki wa huku hawana ladha. Huwa namsimulia Kanga habari za soko la samaki la Feri, paka wanavyokaa chini ya meza za wavuvi wakisubiri utumbo, na ananisikiliza akiwa amefumba macho. Panapo majaliwa nitakuja mwakani mwezi wa kumi na mbili. Yeye atabaki kwa jirani, safari ya ndege ni ndefu kwake.

Naomba yafuatayo kabla ya Ijumaa. Mwanaidi anitumie picha ya bati zikishushwa, nione namba ya geji. Zuhura anitumie picha ya paka wake akiwa ndani ya nyumba, na aniambie amempa jina gani. Na kaka Hamisi anipigie mwenyewe. Simu yangu iko wazi baada ya saa mbili usiku ya huko, nitapokea na nitamwamkia.

Nisalimie ba'mdogo Salumu, shangazi Mwajabu, mama Asha na wote wa barazani. Wewe pumzika, usipande juu ya stuli kuzibua maji ya dari, bati linakuja.

Mwanao akupendaye,
Rukia