Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama, wahandisi wenzangu,

Nawashukuru mliosafiri usiku kucha kutoka mikoani ili kuwahi kikao hiki. Akidi imetimia.

Mambo ya kawaida nitayapitia haraka. Kamati ya utendaji imekutana kila robo mwaka kama katiba yetu inavyotaka. Hesabu atazisoma mweka hazina. Naomba tu wenye malimbikizo ya ada wayamalize, kwa sababu darasa la Jumamosi la wahandisi wahitimu linaendeshwa kwa ada hizo. Walimu wake wanajitolea, nami nawashukuru kwa moyo wote.

Mwaka huu fani yetu imepata heshima kubwa. Juni 19, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la JPM kati ya Kigongo na Busisi, mkoani Mwanza. Lina urefu wa kilomita 3 na upana wa mita 28.45. Aliyewahi kukesha pale akisubiri kivuko, gari likiwa na mgonjwa, anajua maana ya daraja lile. Wanachama wetu waliokwenda kulitazama walirudi wakiisifia minara yake mitatu, na wana haki. Minara ile ni mifupi kuliko ya daraja la kawaida la nyaya, kwa kuwa mhimili wenyewe wa zege, yaani boriti inayobeba barabara, ni mnene na unabeba sehemu kubwa ya mzigo, nyaya zinausaidia. Ndivyo wasanifu walivyoweza kuruka mita 160 kutoka nguzo hadi nguzo katikati ya ziwa.

Mimi nilichokitazama zaidi ni kile kisichoonekana. Kabla ya mnara hata mmoja kusimama, mashine zilitoboa chini ya maji, udongo ukachukuliwa na kupimwa, ndipo paili, nguzo ndefu zinazozamishwa ardhini kubeba msingi, zikachimbwa. Hakuna aliyekisia.

Huku kwenye kazi zetu za kila siku, tunakisia. Nasema hili kwa uchungu. Mwaka huu mteja mmoja aliniletea michoro ya mnara wa mawasiliano iliyokwisha kutumika kwenye kilima cha mwamba, akitaka niigonge mhuri ili mnara uleule ukajengwe kwenye udongo wa mbuga. Mnajua udongo ule: masika unavimba, kiangazi unapasuka hadi mkono unaingia. Nilipomwuliza ripoti ya udongo, alisema mnara ni uleule na chuma ni kilekile. Nilikataa. Baadaye nikasikia mhuri umepatikana kwa mtu mwingine.

Mnara haulemei msingi wake kama nyumba. Upepo ukivuma, mguu wa upande mmoja unakandamizwa na wa upande wa pili unavutwa juu, kama mtu anayeng'oa muhogo. Kinachouzuia mguu huo kung'oka ni uzito wa zege la msingi na wa udongo uliokaa juu ya msingi huo. Udongo ukibadilika, hesabu nzima imebadilika, hata kama kila nondo imekaa mahali pake.

Kwa madaraja, adui ni maji. Mei 2024 mafuriko yaliyoandamana na Kimbunga Hidaya yaliikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi pale Somanga, na watu wa kusini wakakwama. Hata nchi tajiri hazikusalimika. Aprili 5, 1987, katika jimbo la New York, Marekani, mto Schoharie uliofurika ulichimba udongo chini ya msingi wa nguzo ya daraja hadi nguzo ikakosa pa kukaa. Magari yakatumbukia, watu 10 wakafa. Zege la juu halikuwa tatizo. Msingi ule ulikuwa umekaa juu ya udongo tu, bila paili, na mawe ya kuukinga yalikuwa yamesombwa na maji bila kurudishiwa. Kila ninapomwona mhandisi kijana akimaliza wiki mbili kwenye kompyuta kupunguza uzito wa mhimili, halafu akatumia nusu saa kwa msingi, naukumbuka mto ule.

Najua mtakachosema, kwamba mteja hataki kulipia kutoboa udongo. Kweli hataki. Shimo la kupimia halipigiwi picha wala halikatiwi utepe. Lakini mteja si mhandisi. Jina lililo chini ya mchoro ni lako, ndugu yangu, na familia itakayolala ndani ya jengo lile haikujui.

Kwa hiyo kamati inaleta pendekezo moja mbele yenu, nanyi mna nakala yake. Mwanachama yeyote asigonge mhuri kwenye mchoro wa msingi wa daraja, mnara au ghorofa bila ripoti ya udongo wa kiwanja hichohicho, na bila yeye mwenyewe kufika kukiona. Atakayeazimisha mhuri wake aitwe mbele ya kamati ya maadili. Ambaye mteja wake ni mnyonge kweli, kama kijiji kinachojenga daraja dogo la watembea kwa miguu, alete ombi kwetu, tutafute mwenzetu mwenye vifaa akapime kwa gharama ya usafiri tu. Wawili wameshakubali.

Naomba tulijadili kabla ya chakula cha mchana, kisha tupige kura kwa kunyoosha mikono.