Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Tuko Wangapi?

Wazee wangu, mama zangu, vijana wetu mliofika tangu asubuhi, mwangaluka.

Mapato na matumizi mtasomewa na mweka hazina, na ujenzi wa vyoo vya shule ataueleza katibu. Mimi naomba muda wenu kwa jambo moja lililonikaa moyoni mwaka mzima, nalo ni idadi yetu.

Mwaka 2002 mkoa wetu wa Tabora na wa jirani zetu Kigoma ilikaribiana sana, kila mmoja ukiwa na watu takriban milioni 1.7. Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 3,391,679 Tabora na 2,470,967 Kigoma. Kwa hiyo sisi tumekuwa karibu mara mbili ndani ya miaka 20. Tangu sensa ya 2012 tumekuwa tukiongezeka kwa wastani wa asilimia 3.9 kila mwaka, wakati nchi nzima ni asilimia 3.2 na Kigoma ni 1.5. Tukiendelea hivi, mtoto aliyezaliwa leo atafikisha miaka 18 akiwa katika mkoa wenye watu mara mbili ya hawa, na watakuwa wanalima mashamba haya haya.

Kila nikisema haya, hakosekani wa kunijibu kwamba wanawake wa huku wanazaa mno. Ni kweli uzazi wetu uko juu. Utafiti wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta mwanamke wa kanda ya magharibi, yaani sisi na Kigoma, anazaa wastani wa watoto 6.7, wakati wastani wa taifa ulikuwa 5.2. Lakini nimefanya kazi ya uuguzi zahanati mpaka nikastaafu, na naijua sehemu nyingine ya habari hii. Katika utafiti wa mwaka 2004-05, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai nchini, 112 walikuwa wanafariki kabla ya kutimiza miaka 5. Mwaka 2022 walikuwa 43. Nimewafunga kanga watoto wa watu kwa mikono yangu hii, na mama zao wamekaa sakafuni wakiangalia. Kwa hiyo mtu akiniambia kuongezeka kwetu ni balaa, simwelewi. Watoto wamepona, ndiyo maana tumeongezeka.

Na tumepokea wageni. Wafugaji wameshuka na ng'ombe kutoka kaskazini wakitafuta malisho. Ndugu zetu Waha walikuja kufanya vibarua vya tumbaku, wengine wakajenga na kuoa. Kule Ulyankulu wapo waliokimbia Burundi mwaka 1972, na wengi wao leo ni raia wenzetu. Wazee hapa wanakumbuka walivyosimuliwa habari za malale, jinsi serikali ya kikoloni ilivyowatoa watu porini na kuwakusanya pamoja kwa hofu ya mbung'o. Mapori yale yale ndiyo leo yana mashamba na mabani ya kukaushia tumbaku, na miombo inazidi kusogea mbali na mlango wa mpika uji.

Mwezi wa saba mimi na katibu tulikwenda hadi kambi ya wafugaji ng'ambo ya mto. Tulimkuta mama mmoja anakamua. Aliacha, akanawa mikono, akatutolea mfuko wa plastiki uliofungwa kwa kamba ya katani. Ndani yake mlikuwa na kadi mbili za kliniki, za Kulwa na Doto, zimechakaa hadi maandishi hayasomeki. Vyeti vya kuzaliwa hawakuwa navyo. Nikamuuliza kama walihesabiwa kwenye sensa. Akasema usiku ule wa kuamkia siku ya kuhesabiwa walikuwa njiani na mifugo, wamelala chini ya mti, na karani hakuwafikia. Kulwa na Doto wameshafika umri wa kuanza shule. Katika madaftari yetu hawamo.

Nilirudi nimenyamaza njia nzima. Sera ya maji inasema kituo kimoja cha kuchotea kihudumie watu 250, wasitembee zaidi ya mita 400. Darasa la shule ya msingi linatakiwa kuwa na watoto 45. Dawa za zahanati nazo huagizwa kwa kukadiria watu wanaohudumiwa. Sasa asiyeandikwa anawekewa dawati na nani? Tunapanga foleni ya ndoo bombani tangu alfajiri, tunalalamika kwamba tumesahaulika, na huku kuna kaya ambazo hata sisi wenyewe hatujaziandika. Mwaka huu nilipeleka maombi ya madarasa kwenye ofisi moja, nikaulizwa idadi ya watoto wa chini ya miaka 6. Sikuwa nayo. Niliona aibu, na ilikuwa haki yangu kuiona.

Kwa nchi nzima, zaidi ya watu 42 kati ya kila 100 wana umri chini ya miaka 15. Mabinti hawa watakuwa mama muda si mrefu, kwa hiyo hata kila mmoja akizaa wachache kuliko mama yake, idadi itapanda bado. Nawaomba kina mama tuzungumze na mabinti zetu bila haya kuhusu uzazi wa mpango, na aliyepata mimba akiwa shuleni tumrudishe akishajifungua, kwani ruhusa ipo tangu mwaka 2021. Kina baba nao waje kliniki. Wengi wenu nawafahamu kwa majina tu, kwenye kadi za wake zenu.

Sensa nyingine ni hadi 2032, na hatuwezi kukaa tukiisubiri. Kamati imekubaliana kwamba kila kitongoji kipitie daftari la wakazi kila baada ya miezi mitatu, aliyezaliwa, aliyefariki, aliyehamia na aliyehama, wote waandikwe, pamoja na kambi za wafugaji. Watoto wa chini ya miaka 5 wapelekwe wakachukue vyeti zahanati au ofisi ya kata. Havilipiwi, na mtu akikudai pesa njoo uniambie mimi. Madaftari mapya yako kwa katibu, wenyeviti wa vitongoji wayachukue kabla hatujaondoka hapa. La kambi ya ng'ambo ya mto nimelichukua mwenyewe, nakwenda nalo Jumatatu.