Redio ikikwaruza kila ukiwasha taa, usiitupe redio

Wateja wa Kadutu na Nguba, hapa Bukavu, hutuletea dukani redio nzima kabisa wakidhani imekufa: mchana inashika vizuri, jioni inakwaruza hata habari hazisikiki. Kabla ya kutafuta fundi wa redio, tazama darini. Mara nyingi kosa ni la ampuli (balbu) ya LED.

Mwanga na redio vyote ni mawimbi ya sumaku-umeme, ila vimeachana mno kwa urefu wa wimbi. Mwanga tunaouona una nanomita 380 hadi 750 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na wimbi la FM lina mita 3 hivi. Kwa hiyo mwanga wenyewe hauna hatia. Msumbufu ni kadi ndogo ya elektroniki iliyofichwa kwenye kitako cha ampuli. LED haili volti 220 moja kwa moja, basi kadi hiyo huukata umeme na kuuachia makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Kila mkato wa ghafla huzaa masafa mengine ya juu zaidi, mpaka kuingia kwenye AM, mawimbi mafupi na hata FM. Ampuli peke yake ni ndogo, haifiki mbali. Waya unaotoka darini kuteremka hadi kwenye swichi ndio unaogeuka antena.

Ampuli iliyotengenezwa vizuri ina kichujio mahali umeme unapoingilia: koili, pamoja na kapasita ambayo mara nyingi ni ya mikrofaradi 0.1. Za bei ya kutupa huvikosa vyote viwili, na kwa nje huwezi kujua. Alama ya CE (ya viwango vya Ulaya) kwenye boksi isikudanganye, kuchapa herufi mbili ni rahisi. Ziko pia LED zisizokata umeme kabisa. Hizo haziisumbui redio, lakini nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Zielekezee kamera ya simu utaona mistari ikitembea. Ampuli ya zamani ya filamenti (ya kijiuzi kinachowaka) haina kelele, ila zaidi ya asilimia 90 ya umeme wake huishia kuwa joto.

Kupima nyumbani, chukua redio ya betri, iweke kwenye AM mahali pasipo na kituo, isogeze hadi sentimita 30 kutoka kwenye taa, kisha washa na uzime. Kelele ikibaki hata ukishusha disjonkta kuu (swichi inayokata umeme wa nyumba nzima), chanzo kiko kwa jirani au kwenye solar yako: regulata ya paneli na konvetisa (kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani) navyo hukata umeme vilevile, na disjonkta haivizimi.

Dawa ya kwanza ni kubadili ampuli. Ukitaka kubaki nayo, zima umeme, pitisha waya wa fazi na wa neutra pamoja ndani ya pete ya feraiti (kauri yenye chuma inayozuia kelele), mizunguko 3 hadi 5, karibu kabisa na duyi (kishikio cha ampuli). Ukipitisha waya mmoja tu utapata nafuu ndogo.

Kelele ikija na kukatika bila mpango, na duyi imeungua au inanuka, hiyo ni cheche kwenye kiungo kilicholegea. Usiwashe tena taa hiyo mpaka duyi ibadilishwe, maana hapo ndipo moto huanzia.

Kwenye kaunta yetu kuna redio ya AM. Kila LED tunaiwasha kando yake kabla hujalipa, na ile unayoishuku nyumbani ilete, tunaipima bure.