Shukrani kwa mzee wa gatini Lamu

Mzee wangu, jina lako sikulichukua, basi nakushukuru hapa watu washuhudie.

Tulikuwa tukingoja mashua, mwanangu wa kidato cha tatu kanuna na karatasi ya trigonometria, hesabu za pembe na pembetatu, iliyojaa mikasi ya kukosa. Ukaweka chini kikombe cha kahawa, ukamwuliza: "Mnazi ule una urefu gani?" Hakujua. Ukasimika kijiti cha mita 1 mchangani, kivuli chake sentimita 80. Ukamtuma apime kivuli cha mnazi: mita 7.2.

"Gawa kimo cha kijiti kwa kivuli chake." Alianza kwa kugeuza, akapata 0.8. Hukumpa jibu, ulifuta mchanga kwa mguu, ukasema, "Haya, upya." Mara ya pili, 1.25. Akazidisha kwa 7.2: mnazi mita 9! Ndipo ukamwambia ile 1.25 ndiyo tanjenti ya pembe ya jua, kama digrii 51. (Mimi shuleni niliikariri tu, sikujua yatoka wapi.)

Mashua yako ikaondoka ukiwa umechutama naye. Ahsante, mzee wangu, Mungu akujaze kheri. Nanyi mnaojua hesabu, mkimwona mtoto kanuna na karatasi, chutameni kidogo. Wangu sasa anapima kila kivuli, jana kampima mpaka paka.